Hana wazimu, hajalala: kumlea kwa muda mbwa kijana aliyeokotwa

Kwenye makundi ya WhatsApp ya mitaa ya Mtwara kuna ujumbe wa aina moja unaorudi kila baada ya muda. Picha ya mbwa mwembamba, masikio yamesimama, ulimi nje, na chini yake maneno: ameokotwa maeneo ya feri, mchangamfu mno, anatafutwa mtu wa kumlea kwa muda. Hapo majibu humiminika. Mmoja anasema mfungeni mnyororo, atatulia mwenyewe. Mwingine anasema mpelekeni ufukweni Shangani akimbizwe mpaka alegee. Wa tatu anauliza kama uchangamfu huo si dalili ya kichaa. Na yupo ambaye hakosi, anayesema kumlea mbwa kisha kumtoa ni dhambi, bora aachwe huko huko alikotoka.

Humo ndani kuna hofu ya kweli, kuna mazoea ya zamani, na kuna maneno tu ya kujaza kundi. Nimekaa na mbwa wa namna hiyo zaidi ya mmoja, na swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: mbona hatulii? Jibu langu huwa halipokelewi vizuri mara ya kwanza. Wengi wa mbwa hawa hawatulii kwa sababu wamechoka.

Kabla ya kufika huko, tuelewane kwanza tunamzungumzia mbwa gani.

Mbwa anayezurura si lazima awe hana mwenyewe. Huku kwetu wengi wanaoonekana barabarani wana kwao, wanatoka asubuhi na kurudi jioni kula ukoko. Kwa hiyo kabla hujatangaza kwamba umeokota mbwa, uliza. Balozi wa nyumba kumi, wauza samaki na vijana wa bodaboda kijiweni wanajua mbwa yupi ni wa nani kuliko ofisi yoyote. Aliyeokotwa kweli ni yule ambaye watu hao wote wamekataa kumjua, au ambaye mwenyewe amesema wazi kwamba hamtaki tena.

Kumlea kwa muda maana yake ni kumweka mbwa huyo kwako, kumlisha, kumtibu na kumfundisha kuishi na watu, mpaka apatikane wa kumchukua moja kwa moja. Si wako. Ni kazi yenye mwisho, na mwisho wake ni mlango wa nyumba ya mtu mwingine. Ndiyo maana makubaliano hufanywa mwanzoni, mbwa akiwa bado mikononi mwa aliyemleta: nani analipa chanjo, nani anaamua aende kwa nani, na nani atamshika ukisafiri kwenda Tandahimba au Newala msimu wa korosho. Watu huona haya kuuliza mambo ya fedha mbele ya mnyama anayetia huruma. Uliza tu. Ugomvi mwingi wa walezi unaanzia hapo, wala mbwa hahusiki.

Na ninaposema kijana, namaanisha mbwa wa miezi 6 hadi 18 hivi. Amekwisha kupoteza meno 28 ya utoto na kuota 42 ya ukubwa, kazi inayofanyika kati ya mwezi wa 4 na wa 7. Mwili umerefuka, miguu imekuwa mirefu kuliko akili, na kila kitu anataka kukijaribu kwa mdomo. Ni umri ambao hata mbwa aliyezaliwa sebuleni huwatoa watu jasho. Huyu wa kwetu amezaliwa nyuma ya mabanda ya samaki.

Kichaa kwanza, tabia baadaye

Anayeuliza habari ya kichaa cha mbwa hafai kuchekwa. Kati ya mwaka 2010 na 2015 wilaya za Mtwara na Lindi zilikuwa miongoni mwa wilaya 28 za kusini mashariki mwa Tanzania zilizoingizwa kwenye mradi mkubwa wa kuchanja mbwa ulioratibiwa na Shirika la Afya Duniani. Shabaha ya kampeni kama hizo ni kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa wa eneo, kiwango ambacho kikifikiwa na kikatunzwa, virusi hukosa wa kumrukia. Shida ipo kwenye kutunza. Mbwa huzaa kila mwaka, na aliyezaliwa mwaka jana hajui kampeni wala sindano.

Kwa hiyo safari ya kwanza ya mbwa wako mpya ni kwa daktari wa mifugo wa halmashauri, au umwite afisa mifugo wa kata aje. Chanjo ya kichaa hutolewa kuanzia miezi 3, kisha hurudiwa kila mwaka, na unapewa kadi. Itunze kadi hiyo kama kitambulisho cha mtoto, ndiyo itakayomfungulia mlango wa nyumba mpya. Siku hiyo hiyo apewe dawa ya minyoo na akaguliwe kupe, hasa ndani ya masikio na katikati ya vidole, maana kupe hawa huleta homa inayomdhoofisha mbwa polepole na watu wakadhani ana njaa tu. Kama nyumbani kuna mbwa mwingine, watenganishe wiki mbili za mwanzo, vyombo mbalimbali.

Lakini ujue kitu kimoja kuhusu chanjo hiyo: haimponyi mbwa ambaye tayari ana virusi mwilini, na dalili zaweza kuchelewa wiki kadhaa hata miezi. Mlezi anayepokea mbwa wa mtaani mara kwa mara afikirie kuchanjwa yeye mwenyewe mapema, aulize hospitali. Wote wengine nyumbani, watoto hasa, wasiachwe peke yao na mbwa mgeni.

Sasa, uchangamfu ni dalili? Mwangalie vizuri. Kijana mzima anakimbia, kisha anakuja kula. Ukimwita, sikio linageuka. Maji anakunywa. Mwenye kichaa hubadilika kuliko alivyokuwa juzi: anashindwa kumeza, mate yanamtoka, mlio unakuwa wa kukwaruza, anang'ata hata gogo, au taya na miguu ya nyuma inalegea. Wapo pia wanaokuwa wapole kupita kiasi, na hao ndio wanaowaponza watu, kwa sababu mtu huona huruma akaingiza mkono mdomoni kutafuta mfupa uliokwama. Ukiona hayo usimshike, wazuie watu, piga simu kwa afisa mifugo.

Akikung'ata, hata kama ni mchezo, hata kama jino limekwaruza tu na damu ikatoka kidogo: sabuni na maji yanayotiririka, dakika 15 kamili ukitazama saa, kisha hospitali siku hiyo hiyo. Mtwara mjini utaelekea Ligula, Lindi utaelekea Sokoine, kwingine anza na kituo cha afya kilicho karibu. Majivu, mafuta ya taa, pilipili na dawa za miti zikae mbali na kidonda. Kichaa kikishaonyesha dalili kwa binadamu, hakuna daktari atakayekurudisha.

Mbona hatulii?

Pita feri saa nane mchana, jua la Desemba limesimama. Mbwa uliowaona alfajiri wakigombea matumbo ya samaki sasa wamejilaza chini ya mitumbwi iliyopinduliwa, mmoja kachimba shimo kwenye mchanga mpaka akafikia ule wa baridi, na hakuna anayenyanyua kichwa kwa ajili yako. Mbwa wa mtaani analala sana. Hatulioni hilo kwa sababu sisi tunakutana naye nyakati za pilika zake, asubuhi na jioni. Kwa kawaida mbwa mkubwa hulala saa 12 hadi 14 kati ya 24, na anayekua hulala zaidi.

Mtoe hapo, mlete kwenye nyumba ya Chikongola yenye wapangaji. Sakafu inateleza. Feni inazunguka juu ya kichwa chake. Watoto sita wanataka kumshika, bodaboda inapita dirishani, mtu anasaga nazi, redio mbili zinapigana. Hakuna shimo la kuchimba na hakuna mtumbwi wa kujificha. Hawezi kulala mahali asipopajua, kwa sababu mnyama anayelala fofofo mahali pa hatari haamki. Basi anakaa macho. Siku ya kwanza anakuwa mpole, watu wanamsifia. Siku ya tatu anaruka juu ya meza, anang'ata kandambili, anazunguka uani mbio mbio mkia umekunjwa chini, na kila anayemgusa anamrukia mkono kwa meno.

Mchukue mtoto wa miaka minne kwenye harusi. Saa tano usiku anakimbia chini ya viti, anacheka, ghafla analia, anampiga mwenzake, anavua viatu na kuvitupa. Hakuna mama atakayesema mtoto huyu ana nguvu nyingi, mpelekeni uwanjani akacheze mpira. Anajua ni usingizi. Anamvuta pembeni, anamlaza mapajani, anamfunika khanga usoni, mtoto anapiga mateke mawili matatu na kwisha. Mbwa kijana aliyeokotwa ni mtoto huyo, ila harusi yake haina mwisho, na sisi tunazidi kuongeza muziki.

Mwilini kinachotokea ni hiki. Mnyama akishtuka, mwili unamwaga homoni za kumwandaa apigane au akimbie. Adrenalini inakuja haraka na kuondoka haraka. Nyingine, kotisoli, hukawia zaidi kushuka. Mshtuko wa pili ukiingia kabla wa kwanza haujaisha, unalundikana juu yake, na wa tatu juu ya huo. Jioni kitu kidogo tu, ufagio umeanguka, kinamlipua. Aliyekuwapo jioni anasema mbwa huyu mkorofi bila sababu. Sababu ipo, ilianza asubuhi.

Ndiyo maana ushauri wa Shangani, wa kumkimbiza mpaka alegee, unawaponza wengi. Atalegea kweli, siku hiyo. Lakini mbio za kufukuzana na kurushiwa vitu zinapandisha zile zile homoni tunazotaka zishuke, na ukifanya kila siku unamjenga pumzi. Baada ya mwezi una mkimbiaji hodari ambaye bado hajui kukaa chini. Tena kwa joto letu la Novemba hadi Machi ni hatari. Mbwa hapoi kwa jasho la mwili kama sisi, anategemea kuhema mdomo wazi, na mchanga wa saa sita unaunguza nyayo. Matembezi yawe alfajiri au jua likishazama.

Simaanishi asitoke. Atoke, lakini atoke kunusa. Mpe kamba ndefu, umwache achague kichaka, asimame kwenye nguzo moja ya umeme kadiri anavyotaka. Kwa macho yetu ni kupoteza wakati. Kwake pua ndiyo inayosoma nani kapita, lini na kwa hali gani, na kazi hiyo inamchosha kwa utulivu. Nusu saa ya namna hiyo kwenye njia tulivu nyuma ya nyumba humfaa kuliko kilomita tano za mbio.

Kutulia hufundishwa

Mbwa niliyeletewa mwaka mmoja akitokea feri alikuwa ameshapewa jina la Mtajiju. Jirani mmoja akadhani ni kijembe chake kila nikimwita mbwa, ikabidi jina tulikate tu, akawa Jiju. (Jina fupi ni bora kwa mbwa pia, hulishika upesi.) Alikuwa hajui kamba, hajui ngazi, hajui kwamba binadamu akiinua mkono yawezekana anajikuna tu.

Barazani palikuwa na jamvi la zamani, pembeni ya ukuta, mahali watu hawapiti. Jioni nilikaa kwenye kigoda, kamba ya Jiju nimeikanyaga kwa kisigino, imelegea kiasi cha yeye kusimama, kugeuka na kulala, lakini si kurukia mtu. Mfukoni vichwa vya dagaa. Simsemeshi. Anaruka, kamba inamkatiza, anabweka, anaitafuna kamba, anabweka tena. Namtazama kwa pembeni ya jicho. Inafika mahali anaketi, si kwa utii, kwa kukosa la kufanya. Kichwa cha dagaa kinatua kwenye jamvi kati ya miguu yake ya mbele, bila neno. Anakila, anasimama, anangoja mvua ya dagaa. Hakuna. Anaketi. Dagaa. Ananyoosha kiwiko kimoja chini, dagaa wawili. Mara anaegemea nyonga upande mmoja, mguu wa nyuma umechomoza, anapumua kwa kishindo kupitia puani. Hapo nampa wa mwisho polepole, nikiuweka mkono chini kabisa ili asilazimike kunyanyuka kuufuata.

Bibi wa nyumba ya pili, aliyekuwa akipeta mchele wake, alikuwa ametutazama muda wote.

"Mwanangu, huyo mbwa ana wazimu."

"Shikamoo bibi. Hana wazimu, hajalala."

"Marahaba. Unamlipa dagaa ili alale?"

Ndiyo hasa, namlipa. Watu wengi humwangalia mbwa anaporuka na kumsahau anapolala. Mbwa anajifunza kile kinacholipwa, na kutazamwa, kukemewa na kusukumwa kwa mikono vyote ni malipo kwa kijana anayetaka kucheza. Tukigeuza hesabu, akalipwa akiwa chini na kunyimwa akiwa juu, jamvi linakuwa mahali pa usingizi. Baadaye unahamisha jamvi ndani, baadaye kwa jirani, na utulivu unalifuata.

Kazi nyingine yote ya siku ni ratiba. Chakula saa zile zile, matembezi ya kunusa saa zile zile, na katikati yake saa ndefu za kutosumbuliwa kwenye kona yenye giza kidogo, pazia au gunia limening'inizwa. Watoto wa nyumba wapewe sharti moja tu: aliyelala haguswi. Wageni wa kuja kumwona mbwa mpya wangoje.

Kuna hesabu inayotumiwa na walezi wengi duniani: siku 3 za kushtuka, wiki 3 za kuanza kuzoea, miezi 3 ya kujiona yupo kwao. Ichukue kama makadirio ya msafiri, si ratiba ya basi. Yupo anayelala chali siku ya pili, na yupo ambaye mwezi wa pili bado anakula akitazama mlango. Jambo la kujiandaa nalo ni kwamba ukorofi huzidi kidogo baada ya siku za mwanzo. Sio kwamba ameharibika mikononi mwako. Ameanza kukuamini kiasi cha kuonyesha alivyo.

Fimbo, mnyororo na uso wa hatia

Utasikia: akikojoa ndani mpige pale pale, msugulie pua, ona hata uso wake unajua amekosea. Mwaka 2009 mtafiti wa Marekani Alexandra Horowitz alilipima jambo hili. Wenye mbwa waliambiwa mbwa wao amekula kitu alichokatazwa, wakati mwingine ni kweli, wakati mwingine si kweli. Ule uso wa hatia, masikio nyuma, macho pembeni, ulitokea zaidi mbwa alipokaripiwa, awe alikula au hakula. Uso huo unasoma hasira yetu. Haukiri kosa. Kwa hiyo mbwa anayepigwa saa moja baada ya kukojoa anajifunza kwamba wewe ukiingia ndani hali huchafuka, na kesho atakojoa kwa hofu ukifungua mlango.

Dawa ya mkojo haina ujanja: mtoe akiamka, akimaliza kula, akimaliza kucheza, na mlipe akimaliza haja nje. Ndani futa kwa sabuni mpaka harufu iishe.

Kuhusu kutafuna, mpe cha kutafuna kabla hajajichagulia. Kamba nene ya katani yenye fundo, ukiwa unamwangalia asimeze nyuzi. Boksi tupu lenye dagaa wachache ndani, alichane apendavyo, kufagia ni kazi ndogo. Akikamata mkono kwenye mchezo, mchezo unakufa: simama, kunja mikono, geuka. Kandambili zipandishwe juu, huo ndio ushauri bora kuliko wote na haugharimu chochote.

Mnyororo una maelezo marefu kidogo, kwa sababu kwetu mazoea ni kumfungia mbwa mchana kutwa bandani au kwenye mwembe, na kumfungulia usiku awe mkali. Mbwa anayefungwa hivyo akiwa kijana hapumziki, anangoja. Kila anayepita ni kitu asichoweza kukifikia wala kukikimbia, na njia pekee iliyobaki ni kubweka na kurukia. Akifunguliwa anang'ata aliye karibu, mara nyingi mtoto wa nyumba. Huyo hajawa mlinzi, ameharibika. Mlinzi mzuri anajua nani wa nyumbani, na hilo analijua kwa kuishi nao. Pia ipo Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, ambayo inamkataza mtu kumtesa mnyama, na kumfunga pasipo maji wala kivuli hakuna jina jingine. Kamba ya kumshikia ukiwepo ni kitu kingine kabisa.

Majirani na msikiti

Pwani hii huwezi kulea mbwa bila kuwafikiria majirani. Waislamu wengi hapa ni wa madhehebu ya Shafii, na kwa fiqhi hiyo mate na unyevu wa mbwa ni najisi nzito, inayosafishwa kwa kuosha mara saba, moja ikiwa kwa udongo. Mtu anayekwenda kuswali amevaa kanzu yake hataki pua yenye maji kwenye magoti, ana haki hiyo, na mlezi mwenye adabu hamwambii "hana shida, anacheza tu". Mtembeze mbwa nje ya nyakati za watu kwenda na kurudi msikitini. Mfupishie kamba unapopishana na mtu. Vyombo vyake visioshwe kwenye bomba la pamoja. Lakini najisi ni jambo la kujitwaharisha, halijawahi kuwa ruhusa ya kumrushia mnyama mawe. Hadithi ya mtu aliyeteremka kisimani kumchotea maji mbwa mwenye kiu kwa kiatu chake, akasamehewa dhambi zake, imesomwa madrasa na hao hao watoto wanaorusha mawe. Ukiwakumbusha kwa upole wanaona haya.

Halafu kuna suala la adhana. Mbwa akilia uuuu kipaza sauti kinapoanza, watu husema ameona shetani. Sauti ndefu inayopanda inafanana na mlio wa mbwa wa mbali, naye anaitikia, kama anavyoitikia king'ora cha gari la wagonjwa. Ukijua saa, mwingize ndani dakika tano kabla na boksi lake la dagaa, na ugomvi unaisha. Ngoma za jando na unyago ni kazi kubwa zaidi. Zikianza kupigwa usiku kucha mtaani, mbwa mgeni anaweza kuvunja ua na kupotea. Siku hizo alale ndani, milango imefungwa, mtu awepo.

Chakula nitakipitia haraka. Ugali na dagaa waliooshwa chumvi unamtosha kama dagaa ni wengi na sio harufu tu. Mifupa iliyopikwa hapana, hupasuka vipande vikali. Vitunguu na chokoleti hapana. Ufukweni mchunge na bunju, yule samaki anayejivimbisha, ambaye wavuvi humtupa mchangani, sumu yake huua mbwa upesi. Na kwenye korosho: maganda mabichi yana mafuta yanayobabua mdomo, na mifuko ya salfa na dawa za kupulizia ikae mahali asipofika hata akiwa na hamu ya kutafuna dunia.

Siku ya kumtoa

Yule wa kwenye kundi aliyesema kumtoa ni dhambi ana huruma, ila hajafikiria. Mbwa aliyekwisha kujifunza kwamba nyumba ina usingizi, chakula kina saa na mkono hauumizi, anahama na elimu hiyo. Atahangaika siku kadhaa, kisha atazoea, upesi kuliko alivyozoea kwako. Mlezi akibaki na kila mbwa, wa tatu hapati nafasi, na mbwa wa feri hawaishi.

Kabla ya kumtoa zungumza na daktari wa mifugo juu ya kumhasi. Dume aliyehasiwa hazururi sana kufuata majike, na hupunguziwa hatari ya ule uvimbe wa sehemu za siri unaoambukizwa kwa kupandana, ambao mbwa wa mtaani huupata mno.

Anayemtaka aje zaidi ya mara moja, akae barazani, amlipe dagaa yeye mwenyewe. Mwambie kweli yote: anaogopa ufagio, anarukia baiskeli, hajawahi kukaa na kuku. Nyumba ya shambani Masasi au Nachingwea, kwenye ngedere na nguruwe pori wa kufukuzwa, yaweza kumfaa kijana wa namna hii kuliko uani mjini, mradi jioni arudi kwa watu. Kadi ya chanjo iende naye, na jamvi lake liende bila kufuliwa, maana harufu yake ndiyo itakayomlaza usiku wa kwanza. Mpe namba ya simu, na umwambie ikishindikana mbwa arudi kwako, asiachwe njiani.

Na swali la mwisho la kumuuliza si kama anapenda mbwa, kila mtu hujibu ndiyo. Muulize mbwa huyu atalala wapi mchana. Akikuonyesha mahali, kivuli kiko wapi na maji yatakaa wapi, endeleeni. Akijibu "tutaona", mbwa abaki kwako kwanza.